Nani Aliyemtoa Kanana Kisimani

Kila asubuhi Gatwiri humsimulia ng'ombe hadithi. Hukaa kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa mnyama, na maziwa yanapoanza kugonga ndoo naye huanza: "Haya, tuliachia pale..." Ng'ombe akigeuza shingo au akitingisha mguu, Gatwiri hujua mahali hapo pana maneno mengi, huyapunguza. Ndoo ikijaa na ng'ombe bado ametulia, basi hadithi iko tayari kwa binadamu.

Mumewe, Njeru, ambaye ni fundi wa mawe, huwaambia wenzake kwamba yeye ndiye mwanamume pekee Runyenjes nzima ambaye ng'ombe wake anajua habari za mizimu kumshinda.

Binadamu wenyewe hupatikana kwenye kituo cha majani chai, mwendo wa dakika kumi kutoka kwake. Ni banda la mabati lenye meza ndefu ya mbao. Kuanzia saa saba mchana akina mama hufika na vikapu mgongoni, wakamwaga majani juu ya magunia yaliyotandikwa mezani, wakaanza kuchambua. Jani lililokomaa hutolewa, kijiti hutolewa, kwa sababu karani Murithi hapokei kitu kisichokuwa majani mawili na kichipukizi. Baada ya hapo ni kungoja lori. Lori lina ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini hakuna aliyewahi kuliona likiifuata. Na majani hayawezi kuachwa tu yakilaliana, maana hupata joto yakaungua. Kwa hiyo mikono huyageuza na kuyageuza, saa moja, saa mbili. Mikono ina kazi, masikio hayana. Hapo ndipo Gatwiri alipopata pa kuingilia.

Maana hakuzaliwa huku. Kwao ni Ruiri, upande wa Buuri, ambako watu huzungumza habari za mbuzi na maharagwe, na majani chai ni kitu kinachotoka kwenye pakiti. Njeru alimpata Makutano, mjini Meru, akiuza vitambaa katika duka ambalo Njeru alikuwa anajenga ukuta wake wa nyuma. Ukuta ule ulichukua miezi minne, na mpaka leo mwenye duka husema ungekwisha kwa wiki tatu. Basi wakaoana, Gatwiri akaletwa kwenye chai.

Siku yake ya kwanza shambani alichuma kama anavyochuma sukuma wiki. Aliyaacha yale machanga ya juu, yaliyoonekana kwake kama bado yanakua, akachukua yale mapana, ya kijani kibichi, yenye afya. Alijaza kikapu kabla ya mtu mwingine yeyote, akafika kituoni ameinua kichwa. Alipomwaga mezani, kila mtu aliinama kutazama.

"Jamani," akasema Wambura, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, "huyu wa Meru ameleta mboga. Nani ana nyama?"

Walicheka mpaka wakapangusa machozi kwa leso. Gatwiri naye alicheka, kwa sababu angefanya nini?

Hawakumchukia. Walimwalika kwenye harusi, walimletea ndizi alipojifungua Wawira, binti yake, na tangu hapo wakamwita Mama Wawira kama inavyostahili. Lakini kwenye meza ya kuchambua alisimama mwisho kabisa, upande wa mtaro, na mazungumzo yalimpita kama sahani inayopelekwa kwa mtu aliyeketi mbele zaidi. Kimeru chake kilikaribia Kiembu kiasi cha kueleweka na kutofautiana nacho kiasi cha kuchekesha, kwa hiyo akisema neno, waliliiga kwanza, na wakimaliza kuliiga walikuwa wamesahau alichosema. Ikapita miaka kumi na mitatu hivi.

Halafu Njeru akanunua televisheni ya sola, na Gatwiri akajuana na Mutugi.

Mutugi ana duka la muvi pale mjini Runyenjes. Unampelekea flashi, anakujazia unachotaka, unaenda kuangalia nyumbani. Alimjazia Gatwiri mfululizo mmoja mrefu wa kutisha, uliotengenezwa nchi fulani ya baridi, wenye jina la Kizungu ambalo Gatwiri hakujisumbua nalo. Habari yenyewe ilikuwa ya mji mdogo wenye kisima cha zamani. Mtu akitumbukia humo hupotea siku tatu, kisha hurudi nyumbani akiwa yuleyule, isipokuwa mikono yake ni baridi na hana kivuli. Na kila mwaka ukungu hushuka mlimani, ukachukua mtu mmoja au wawili ambao hawarudi kabisa.

Gatwiri alianza kumsimulia Gladwell peke yake, kwa sababu Gladwell ndiye aliyechambua karibu naye. Majina ya wale watu yalikuwa ya kuvunja ulimi, kwa hiyo akawapa ya kwetu. Askari mpelelezi akawa Misheck. Binti yake akawa Kanana. Kasisi wa mji akawa Pasta Kiunga. Mkubwa wa mji, aliyejua siri ya kisima na hakusema, akawa Chifu Bundi. Alisimulia kwa sauti ya chini, na wale wengine wakaendelea kumpa mgongo. Lakini migongo nayo ina namna ya kusikiliza. Baada ya wiki mbili, Chifu Bundi alipotajwa, mgongo wa Wambura uliguna.

Mwisho wa msimu wa pili Kanana alitumbukia kisimani. Gatwiri alienda mbio kwa Mutugi kutafuta msimu wa tatu, akakuta unaanzia sehemu ya tatu. Sehemu mbili za kwanza hazikuwepo. "Ndizo zilizoko, mama," Mutugi akasema. "Hata mimi nilishangaa." Na katika sehemu ya tatu, Kanana yuko kwao jikoni, anakunywa chai, mkono umefungwa bendeji, kivuli chake kizima ukutani. Hakuna mtu anayeeleza lolote.

Kesho yake Gatwiri akamwambia Gladwell: "Sasa Kanana yuko nyumbani, anakunywa chai..."

Wambura akageuka. Si shingo tu, mwili mzima, mikono imejaa majani.

"Wewe mwanamke wa Ruiri. Alitokaje?"

Meza nzima ikageuka naye. Hakuna jani lililochambuliwa. Gatwiri akawatazama wote, mmoja mmoja, kisha akafungua mdomo.

"Kulikuwa na mama mmoja wa kuuza uji," akasema. "Anaitwa Gacheri. Huamka mapema kuliko watu wote wa mji ule. Alikuwa anapita na sufuria kichwani, akasikia mtu analia chini. Akafungua kamba ya ndama wake..."

Hivyo ndivyo Gacheri alivyozaliwa, mtu mzima, na sufuria kichwani.

Gatwiri alikusudia amtumie siku moja tu. Lakini akina mama hawakumwachilia. "Na yule wa uji?" wakauliza siku ya pili. "Ile kamba alirudishiwa?" Basi Gacheri akarudi kuchukua kamba yake, na alipokuwa pale jikoni akamtazama Chifu Bundi machoni, akamwambia amesahau kuja na kivuli. Kituo kizima kilipiga makofi. Kuanzia hapo hapakuwa na namna. Msimu wa nne Pasta Kiunga alipoingia ukunguni na taa mkononi asirudi tena, ni Gacheri aliyemjazia chupa ya uji wa njiani. Misheck alipokaribia kukata tamaa, ni Gacheri aliyemtukana mpaka akapona. Gatwiri alisogezwa kutoka upande wa mtaro mpaka katikati ya meza. Hakuna aliyetangaza. Siku moja tu magunia yalikuwa yametandikwa, na nafasi iliyobaki ilikuwa ile.

Murithi karani naye alifurahi, kwa sababu zake. Alisema hadithi ikiwa nzuri akina mama hawaharakishi kupima, na majani huwa safi kama yamepigwa pasi.

Miaka saba ikaenda hivyo. Misimu ikafika tisa. Na kadiri mfululizo ulivyorefuka ndivyo ulivyoacha watu njiani bila kusema wameishia wapi, na ndivyo akina mama walivyozidi kuwawekea matumaini. Gladwell, ambaye ni mjane na hafichi, alitaka Pasta Kiunga arudi kutoka ukunguni na kumwoa dada yake Misheck. Wengine walitaka Chifu Bundi aungame mbele ya mkutano, na wakabishana kama asamehewe. Wambura alitaka jambo moja tu, kwamba Gacheri apate mahali pa kuketi. "Yule mama amesimama misimu saba," alisema. "Kila mtu anakunywa uji wake. Nani amewahi kumpa kiti?"

Ndipo habari ikaja kwamba msimu wa kumi ndio wa mwisho.

Jumatatu moja, Gatwiri akikaribia sehemu mbili za mwisho na mizani ikiwa bado imefunikwa, Gladwell alisimama na kupiga meza kwa kiganja. Wameongea, akasema. Msimu huu umetafsiriwa kwa Kiswahili na dijei wa Nairobi. Mutugi amekubali kuwawekea mabenchi nyuma ya duka lake Jumapili, baada ya ibada, waangalie zile sehemu mbili za mwisho wote pamoja.

"Umetusimulia miaka saba, Mama Wawira. Jumapili wewe keti, kunja mikono, usimuliwe. Mimi naleta nduma, Mama Ireri analeta chai."

Mama Ireri ndiye Wambura. Naye aliitikia kwa kichwa kizito cha mtu aliyetoa wazo.

Gatwiri alishukuru. Alishukuru mara tatu, mikono ikigeuza majani yaliyokwisha kugeuzwa. Jumapili wataketi pale, macho yamekodolewa, wakingoja mwanamke ambaye hayumo. Kuitwa mwongo lilikuwa jambo moja, nalo alidhani angelivumilia. Jambo lingine ndilo lililomtisha. Aliiona ile nafasi ya mwisho wa meza, kando ya mtaro, na migongo.

Alijaribu kuwatisha na mvua. Alisema dijei huyo ana sauti mbaya, anapenda mzaha pasipo na mzaha. Gladwell akasema hata wao wanapenda mzaha. Basi Jumanne Gatwiri akaamua kufanya lililobaki: amwondoe Gacheri kabla ya Jumapili. Akifa Jumanne, hakuna atakayemtafuta kwenye sehemu ya mwisho.

Alimsimulia ng'ombe kifo hicho asubuhi, na ng'ombe akapiga ndoo teke. Hilo lingemtosha mtu mwenye kusikia.

"Siku hiyo," akaanza mchana, "Gacheri aliamka na maumivu ya kifua."

"Akipake mafuta ya moto," akasema Wambura bila kuinua macho.

"Akakipaka. Lakini maumivu yakazidi."

"Mama Wawira." Sasa macho yaliinuka. "Sikiliza vizuri. Huyo hafi."

"Mama Ireri, si mimi ninayeandika..."

"Hafi, nimesema. Misheck afe akitaka."

Gatwiri akatazama meza. Mikono yote ilikuwa imesimama. Ulimi ukamgeuka mdomoni. "Hakufa," akasema haraka. "Maumivu yaliisha. Akachukua sufuria yake, akapanda mlimani kumtafuta Pasta Kiunga. Akaingia ukunguni. Hakuonekana tena."

Alidhani amefanya ujanja. Hakuona mpaka alipokuwa njiani kurudi nyumbani kwamba amefanya kinyume kabisa. Maiti humngoji. Lakini mtu aliyeingia ukunguni na sufuria, mwaka wa mwisho, sehemu mbili zimebaki, utaacha vipi kumngoja?

Alhamisi ilikuwa siku ya maombi ya akina mama kanisani. Mchungaji alipouliza kama kuna mahitaji, mmoja alitaja mguu wa mumewe, mwingine mtihani wa mtoto. Kisha Wambura akasimama, leso mkononi.

"Tumwombee dada yetu Gacheri," akasema. "Ameingia mahali pagumu, na hatujui kama atatoka."

Mchungaji, mtu mwema aliyehamishiwa pale mwezi uliopita na asiyejua bado nyumba zote, aliandika jina. Akauliza kama ana watoto. Wambura akafikiri kidogo, akasema ana ndama. Kanisa likapiga magoti. Gatwiri alikuwa benchi la nyuma yake, amefumba macho kwa nguvu, na maombi yalipokwisha alisema amina pamoja na wengine kwa sababu kukaa kimya kungekuwa kubaya zaidi.

Jumapili ikafika, kavu, jua zuri, hakuna hata wingu la kumsaidia.

Nyuma ya duka la Mutugi palikuwa pamesafishwa, magunia yametundikwa madirishani kuzuia mwanga, televisheni kubwa imewekwa juu ya meza. Walikuja na nguo za kanisani. Wambura alikaa benchi la mbele, mkoba magotini, akamvuta Gatwiri kando yake. Nduma zikazunguka, chai ikazunguka. Dijei alikuwa na sauti ya mtu aliyekula kokoto, na mara kwa mara aliingiza salamu kwa marafiki zake wa Nairobi katikati ya watu wakikimbia mizimu, lakini ilieleweka.

Wale wa Kizungu waliwatambua upesi. "Huyo ni Misheck! Kumbe ana kipara!" "Kanana amekonda." Chifu Bundi alipotokea walimzomea mpaka Mutugi akaja kuangalia kuna nini.

"Gacheri bado," Wambura alinong'ona sehemu ya kwanza ilipokwisha.

Sehemu ya pili ikaenda. Chifu Bundi aliungama, akiwa peke yake, mbele ya kisima, hakuna aliyemsikia. Kisima kikafukiwa. Ukungu ukapanda mlimani polepole, mji ukaonekana wote, na juu kabisa kileleni, mbali, ikaonekana taa inawaka. Taa tu. Mkono ulioishika haukuonyeshwa. Halafu maandishi yakaanza kupanda.

"Inaendelea," akasema Gladwell.

"Imekwisha," akasema Mutugi kutoka mlangoni.

"Imekwishaje? Pasta Kiunga yuko wapi?"

"Si ile taa, mama? Maana yake yuko hai. Ama pengine. Wanakuachia ufikirie."

"Mimi sikuja hapa kufikiria! Na sikuvaa kitambaa hiki kwa sababu ya taa. Taa inaweza kuoa mtu?"

Walikuwa wanacheka na kulalamika pamoja, kila mmoja akimwambia jirani yake taa ile ina maana gani, mpaka sauti ya Wambura ilipozipita zote.

"Na Gacheri?"

Mutugi akamtazama. "Gacheri yupi?"

"Wa uji."

"Mama, mimi nimeangalia hii kitu yote, misimu kumi. Uji haumo."

Gatwiri alitazama viatu vyake. Kisha Wambura akasimama, akamnyooshea Mutugi kidole.

"Amemkata! Huyu kijana amemkata Gacheri ili muvi itoshee kwenye kompyuta yake!"

Sijui kama umewahi kuona akina mama kumi na wanane wenye nguo za kanisani wakimzunguka mtu mmoja. Walisema walijua tu, maana hata muvi za watu wengine aliuza zikiwa na sehemu zilizopotea. Gladwell alisema kuanzia kesho kituo kizima cha majani na kanisa zima watapeleka flashi zao duka lile lingine la karibu na stendi. Mutugi alikuwa ameinua mikono juu, jasho linamtoka, akirudi nyuma mpaka kwenye kompyuta. "Njooni muone wenyewe! Hakuna kitu nimekata! Naapa kwa mama yangu!"

"Mama yako ndiye nitamwambia," akasema Wambura.

Gatwiri alikuwa na mlango kushoto kwake, wazi. Angeweza kunyamaza tu. Kijana angelia kidogo, wateja wangemhama, na Gacheri angebaki kuwa mtu aliyekatwa na Mutugi. Hakuna ambaye angejua kamwe. Akasimama juu ya benchi, kwa sababu ni mfupi na hakuna aliyekuwa anamtazama.

"Mwacheni," akasema. "Hajakata kitu. Gacheri ni wangu."

Waligeuka.

"Nilimtunga. Zile sehemu mbili za msimu wa tatu hazikuwepo, sikujua Kanana alitokaje kisimani. Nikamweka Gacheri. Halafu mkamtaka tena, nikamweka tena. Kwenye muvi hayumo. Hajawahi kuwemo."

Televisheni ilikuwa imerudi mwanzo, dijei akisalimia marafiki zake. Mutugi akaizima.

"Kanisa zima limemwombea," Wambura akasema polepole.

"Najua."

"Mchungaji alipiga magoti."

"Najua, Mama Ireri. Nilikuwa nyuma yako."

"Na ukasema amina!"

"Nilisema amina."

Mtu mmoja kule nyuma alicheka, akakimeza kicheko chake. Wambura hakucheka. Alichukua mkoba wake.

"Kumwombea mtu wa muvi, Mungu anaweza kunielewa," akasema. "Lakini mtu ambaye hata kwenye muvi hayuko!"

Akatoka. Hakufunga mlango.

Jumatatu Gatwiri alichuma majani yake kama kawaida, lakini alipofika wakati wa kwenda kituoni alimpa Njeru kikapu, naye akakipeleka kwa bodaboda. Jumanne vilevile. Njeru alirudi na majani ya chai kwenye kola ya shati na hasira ya mtu aliyeambiwa hajui kuchambua.

"Wamesema nini?" Gatwiri akamuuliza.

"Kuhusu mimi ama kuhusu wewe?"

"Kuhusu mimi."

"Hawajasema. Wanapigiana kelele wao kwa wao. Mimi nilipima nikaondoka."

Jumatano simu ikalia. Alikuwa Murithi karani, na nyuma yake kulisikika zogo kama la mnada wa mbuzi.

"Mama Wawira, kwa heshima zote, njoo."

"Kuna nini?"

"Gladwell anasema Gacheri alifika ng'ambo ya mlima akafungua hoteli. Hawa wengine wanasema hapana, ameolewa na Pasta Kiunga. Gladwell amekataa, anasema pasta ana mtu wake. Hakuna anayegeuza majani. Jana lori lilikataa magunia mawili, yameungua. Mimi ni karani wa kupima, si chifu."

"Na Mama Ireri anasema nini?"

Murithi alisogea mbali na zogo. "Huyo hasemi kitu kabisa. Ndiyo maana nimeogopa."

Alhamisi Gatwiri alibeba kikapu chake mwenyewe. Alipoingia bandani, majani yalikuwa mezani, magunia yametandikwa bega kwa bega, Wambura akiwa katikati, ameinamisha kichwa, vidole vinakwenda. Gatwiri alisalimia. Wakaitikia. Hakungoja kuona kama kuna nafasi katikati. Alipita moja kwa moja mpaka mwisho wa meza, akatandika gunia lake kando ya mtaro, akamwaga majani yake.

"Huko unaenda wapi?" Gladwell akaita. "Kwani sisi tuna upele?"

"Niko sawa hapa."

"Mwoneni. Amekasirika, na ni yeye aliyetudanganya. Wameru!"

Vicheko vichache vikasikika, vya kupima hewa. Gatwiri alitabasamu kidogo akiyatazama majani. Jani kubwa, akalitoa. Kijiti, akakitoa.

Halafu akasikia meza imetikisika. Wambura alikuwa amekusanya gunia lake kwa pembe nne, majani yote ndani, amelikumbatia kifuani kama mtoto. Akaja nalo, akipita nyuma ya migongo ya watu, mpaka mwisho wa meza. Akalitandika karibu na la Gatwiri, akayamwaga majani yake upya, akaanza kuchambua. Bega lake lilikuwa zito na la moto. Walichambua hivyo muda mrefu.

"Nina swali moja," Wambura akasema mwishowe. Hakushusha sauti. Hajui kuishusha.

"Uliza, Mama Ireri."

"Siku ile ya kisima. Mimi ndiye niliyekuuliza, alitokaje. Mutugi hakukuwekea zile sehemu, na wewe hujui, basi. Hakuna mtu angekupiga. Tungesema haya, twende mbele." Akamgeukia. "Kwa nini hukusema tu kwamba hujui?"

Gatwiri aliyageuza majani yake, ya chini yakaja juu.

"Ilikuwa mara yako ya kwanza kuniuliza kitu," akasema.